Heidemarie Wieczorek-Zeul: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Waziri wa Misaada wa Ujerumani (1998–2009)

Habari za Namibia, za mafuvu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni au za miradi ya GIZ, shirika la misaada la serikali ya Ujerumani, zikirudi magazetini, huwa hapakosekani mtu wa kuuliza: yule mama Mjerumani aliyeomba msamaha kwa mauaji ya Waherero wa Namibia alikuwa nani, na alikuwa na mamlaka gani? Hapa tumekusanya maswali yanayojirudia zaidi. Ukiwa na haraka, anza na sehemu ya madeni na ile ya Namibia, maana ndiko uzito wa kazi yake ulikolala.

## Mambo ya msingi

Heidemarie Wieczorek-Zeul ni nani?

Ni mwanasiasa wa Ujerumani wa chama cha SPD, yaani Social Democrats, aliyezaliwa Frankfurt am Main tarehe 21 Novemba 1942. Alikuwa Waziri wa Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo kuanzia Oktoba 1998 hadi Oktoba 2009, kwanza chini ya Kansela Gerhard Schröder, kisha chini ya Angela Merkel. Jina lake linatamkwa karibu na "Vichorek-Tsoil".

Miaka 11 ni mingi kwa waziri wa Ujerumani?

Mingi sana. Tangu wizara hiyo ianzishwe mwaka 1961, Walter Scheel akiwa waziri wake wa kwanza, hakuna aliyewahi kuikalia muda mrefu kama yeye. Aliyemtangulia, Carl-Dieter Spranger, alikaa karibu miaka 8, na hata hiyo ilihesabika kuwa mingi.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Mwaka 2005, SPD ilipoingia serikali ya pamoja na chama cha Merkel, hakuna waziri mwingine aliyeapishwa pamoja naye mwaka 1998 aliyekuwa amekaa serikalini mfululizo. Ni yeye peke yake, na alibaki palepale alipoanzia. Wengine huchukulia wizara ya misaada kama kituo cha kupumzikia huku wakingoja wizara kubwa zaidi. Yeye hakuitafuta nyingine.

Kwa nini aliitwa "Heidi Mwekundu"?

Kwa rangi ya nywele zake na kwa siasa zake, vyote viwili. Alikuwa wa mrengo wa kushoto wa SPD tangu ujana wake. Magazeti ya kihafidhina yalilitumia jina hilo kumkebehi, lakini wafuasi wake wakalichukua wakalifanya la sifa.

Wizara yake ilikuwa ikifanya nini hasa?

Ilikuwa ikiamua fedha za misaada ya Ujerumani ziende nchi gani, kwa kazi gani na kwa masharti gani. Iliiwakilisha Ujerumani pia kwenye Benki ya Dunia na benki za maendeleo za kanda. Makao yake makuu yako Bonn, na ofisi ya pili iko Berlin.

Haikuwa na kazi ya kuchimba visima wala kujenga zahanati kwa mkono wake. Hiyo ni kazi ya mashirika yaliyo chini yake, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Soma swali linalofuata.

GTZ, KfW, DED, GIZ: lipi ni lipi?

Aliyeishi Tanga, Mtwara au Kampala miaka ya 1990 anaikumbuka GTZ kwa magari yake meupe na wataalamu wake. Hilo lilikuwa shirika la ufundi na utaalamu, lenye makao Eschborn karibu na Frankfurt. KfW ni benki ya serikali, ndiyo iliyotoa fedha za miradi mikubwa kama maji na umeme. DED ilileta wataalamu wa kujitolea, na InWEnt ilishughulika na mafunzo.

Bi. Wieczorek-Zeul alijaribu kuiunganisha GTZ na upande wa maendeleo wa KfW, akashindwa. Mashirika hayo mawili yalikuwa na nguvu zake na marafiki zake, na kila moja lililinda himaya yake. Aliyemrithi, Dirk Niebel, alichagua njia nyepesi: akaiacha KfW ilivyo, akaunganisha GTZ, DED na InWEnt, na Januari 2011 ikazaliwa GIZ. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema "GIZ ya enzi za Heidi", mkumbushe kwamba alikuwa ameshaondoka.

## Kabla ya uwaziri

Alianzia wapi?

Darasani. Alikuwa mwalimu mjini Rüsselsheim, mji wa kiwanda cha magari cha Opel, kuanzia 1965 hadi 1974. Mwaka 1974 alichaguliwa kuongoza Jusos, umoja wa vijana wa SPD, akiwa mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Akawa mbunge wa Bunge la Ulaya kuanzia 1979 hadi 1987, kisha akaingia Bundestag, yaani Bunge la Ujerumani, akiliwakilisha eneo la Wiesbaden.

Ni kweli aliwahi kugombea uongozi wa chama?

Ni kweli. Mwaka 1993 SPD iliwauliza wanachama wake wote wanamtaka nani awe mwenyekiti. Walikuwa watatu: Rudolf Scharping, Gerhard Schröder na yeye. Scharping akashinda, Schröder akawa wa pili, yeye akawa wa tatu kwa zaidi ya robo ya kura. Miaka mitano baadaye Schröder alipounda serikali, hakuweza kumruka mtu mwenye robo ya chama nyuma yake. Hiyo ndiyo siri ya jeuri yake serikalini: nguvu zake zilitoka chamani, hakuwa mtu wa kuletwa na kansela kwa hisani.

## Madeni

Alihusika vipi na kufutwa kwa madeni ya nchi maskini?

Swali hili linastahili jibu refu. Katikati ya miaka ya 1990 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilianzisha mpango wa HIPC wa kuzipunguzia madeni nchi maskini zilizolemewa. Mpango huo wa kwanza ulikuwa wa polepole na masharti yake yalikuwa magumu, kiasi kwamba ni nchi chache zilizopata nafuu. Serikali ya Kansela Helmut Kohl, aliyemtangulia Schröder, ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa zikivuta breki.

Serikali mpya ilipoingia mwishoni mwa 1998, Ujerumani ilibadili msimamo, na Bi. Wieczorek-Zeul ndiye aliyekuwa akisukuma ndani ya baraza. Bahati ilikuwa upande wake: mwaka 1999 ilikuwa zamu ya Ujerumani kuwa mwenyeji wa mkutano wa G8, kundi la mataifa makubwa manane, uliofanyika Köln mwezi Juni. Makanisa na vyama vya kiraia vya kampeni ya Jubilei, iliyodai madeni yafutwe, vilikuwa vimekusanya saini kwa mamilioni, na watu wakashikana mikono mjini kuwazunguka wakubwa waliokuwa mkutanoni. Kilichotoka huko kiliitwa Mpango wa Köln. Masharti ya HIPC yalilegezwa, nchi nyingi zaidi zikaruhusiwa, na fedha zilizotajwa zikafika takriban dola bilioni 70.

Msukumo mkubwa, kwa haki, ulitoka mitaani. Lakini kampeni ya mitaani bila waziri wa kuibeba ndani ya chumba huishia kwenye picha za magazeti.

Kwa nini fedha hazikutoka moja kwa moja?

Kwa sababu HIPC ilikuwa na ngazi mbili. Kwanza nchi ilifika "hatua ya uamuzi", yaani ilikubalika kwamba inastahili na nafuu ya awali ikaanza. Kisha ilibidi iandike mkakati wa kupunguza umaskini, iutekeleze kwa muda, na ndipo ifike "hatua ya ukamilisho", ambapo deni lilifutwa moja kwa moja. Ujerumani iliunga mkono sharti hilo la mkakati. Wakosoaji walisema ni masharti yaleyale ya zamani yaliyovalishwa kanzu mpya, na hawakuwa wamekosea kabisa.

Tanzania ilipata nini?

Ilifika hatua ya uamuzi Aprili 2000 na ya ukamilisho Novemba 2001, ikapata nafuu ya takriban dola bilioni 3 iliyosambazwa kwa miaka mingi. Uganda ilikuwa imetangulia, Mei 2000.

Kwa mzazi wa kawaida, matokeo yalionekana kwenye daftari la shule. Ada ya shule ya msingi ilifutwa, na Januari 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Watoto waliokuwa nyumbani wakafurika darasani, wa miaka saba na wa miaka kumi na mbili wakiwa darasa la kwanza pamoja, wengi wakiwa wamekaa chini kwa kukosa madawati. Kamati za shule zikapewa fedha za kujenga madarasa, wazazi wakachangia mawe, mchanga na nguvu zao. Kufikia 2005 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wamezidi milioni 7. Ubora wa elimu ni kesi nyingine, na haijaisha hadi leo.

Mwalimu Nyerere alikuwa ameuliza tangu miaka ya 1980 kama tuwaache watoto wetu wafe njaa ili tulipe madeni. Alifariki Oktoba 1999, miezi minne baada ya Köln.

Kundi la Utstein lilikuwa nini?

Julai 1999, mawaziri wanne wa misaada, wote wanawake, walikutana kwenye nyumba ya watawa ya kale iitwayo Utstein, karibu na Stavanger nchini Norway. Walikuwa Hilde Frafjord Johnson wa Norway, ambaye alizaliwa Arusha, Eveline Herfkens wa Uholanzi, Clare Short wa Uingereza, na Bi. Wieczorek-Zeul. Walikubaliana kusema kwa sauti moja kwenye Benki ya Dunia na kuacha mtindo wa kila nchi kuleta mradi wake, bendera yake na fomu zake.

Ofisa yeyote wa wizara ya Kiafrika aliyewahi kuwapokea wageni watano wa wafadhili watano wiki moja, kila mmoja akitaka ripoti yake, anajua kilio hicho kilikuwa cha kweli. Mengi waliyoyasema yaliingia kwenye Azimio la Paris la 2005 kuhusu misaada. Kundi hilo liliacha pia kituo cha utafiti wa kupambana na rushwa kiitwacho U4, kilichoko Bergen.

## Fedha

Je, Ujerumani ilifikia lengo la asilimia 0.7 wakati wake?

Hapana. Lengo la Umoja wa Mataifa ni nchi tajiri kutoa asilimia 0.7 ya pato lake la taifa. Alipoingia, Ujerumani ilikuwa ikitoa asilimia 0.26. Mwaka 2008 ilifika 0.38, na mwaka 2009 ikashuka hadi 0.35.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya kubana matumizi, na alishindwa mara kadhaa na wizara ya fedha. Fedha ziliongezeka kwa kasi baada ya 2005, wakati nchi za Umoja wa Ulaya zilipojiwekea ahadi za tarehe maalumu: bajeti ya wizara ilipanda kutoka karibu euro bilioni 3.9 mwaka huo hadi bilioni 5.8 mwaka 2009. Ujerumani ilifika 0.7 kwa mara ya kwanza mwaka 2016, lakini ndani yake zilihesabiwa gharama za kuwahudumia wakimbizi walioko Ujerumani kwenyewe. Ujanja huo wa hesabu ni halali kwa kanuni. Kama ni msaada kwa nchi maskini, msomaji ajijibu.

Je, alikubali fedha ziingizwe moja kwa moja kwenye bajeti za serikali za Afrika?

Alikubali, ingawa kwa tahadhari kuliko Waingereza. Tanzania ilikuwa mfano mkubwa: wahisani 14, Ujerumani ikiwemo, walikuwa wakichangia bajeti ya serikali. Likaja sakata la wizi wa fedha kwenye akaunti ya EPA (ya malimbikizo ya madeni ya nje) ya Benki Kuu, gavana Daudi Balali akaondolewa Januari 2008, na wahisani wakaanza kudai maelezo kabla ya kuendelea. Wapinzani wa mtindo huo mjini Berlin walipata fimbo ya kumchapia. Waliomfuata waliupunguza sana.

## Namibia

Alisema nini hasa Ohamakari mwaka 2004?

Tarehe 14 Agosti 2004, Waherero, moja ya jamii za Namibia, walikusanyika Ohamakari, chini ya mlima Waterberg, kuadhimisha miaka 100 tangu vita vyao na Wajerumani vya Agosti 1904. Baada ya vita hivyo jeshi la Kijerumani liliwasukuma watu kwenye jangwa la Omaheke na kuziba njia za kurudi kwenye visima. Tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya Wajerumani apigwe risasi.

Bi. Wieczorek-Zeul alisimama mbele ya umati huo, wazee katika sare zao za kijeshi na akina mama katika magauni mapana na vilemba vyenye pembe. Alisema ukatili ule ni kitu ambacho leo kingeitwa mauaji ya kimbari, na kwamba von Trotha leo angefikishwa mahakamani na kuhukumiwa. Alikiri wajibu wa Wajerumani na hatia waliyojitwika. Kisha, akitumia maneno ya sala ya Baba Yetu, akawaomba wasamehe makosa hayo.

Baadhi ya watu wakapaza sauti wakidai neno lenyewe la kuomba radhi. Akarudi akawajibu kwamba yote aliyoyasema katika hotuba yake yalikuwa ni kuomba radhi. Jibu hilo halikuwa kwenye karatasi.

Kwa nini alizungukazunguka badala ya kusema "samahani" moja kwa moja?

Kwa sababu ya fidia. Mwaka 2001 Waherero, wakiongozwa na Chifu Mkuu Kuaima Riruako, walikuwa wamefungua kesi Marekani dhidi ya makampuni ya Kijerumani. Wanasheria wa serikali waliogopa kwamba kauli rasmi ya kuomba radhi ingetumika mahakamani. Oktoba 2003, Waziri wa Mambo ya Nje Joschka Fischer alisema akiwa Windhoek kwamba hatatoa kauli ya kuomba radhi itakayofungua mlango wa fidia. Miezi kumi baadaye mwenzake wa baraza moja akaenda akasema maneno yaliyokaribia mlango huo kuliko Mjerumani yeyote wa serikali kabla yake. Sala ilimpa njia ambayo sheria haikumpa.

Waherero walipata fidia?

Hapana. Mwaka 2005 alitangaza mpango maalumu wa euro milioni 20 kwa maeneo ya jamii zilizoathirika. Aliutangaza kabla ya kukubaliana vizuri na Windhoek, na serikali ya Namibia ikakataa kutia saini mwanzoni. Hilo lilikuwa kosa lake: huwezi kuomba msamaha leo, kesho ukampangia uliyemkosea namna ya kupokea. Mwishowe ulitekelezwa, kwa visima, shule na miradi ya vijijini, ukiitwa msaada wa maendeleo.

Mazungumzo rasmi ya serikali mbili yalianza 2015. Mei 2021 Ujerumani ilitangaza kuyaita matukio yale mauaji ya kimbari na kuahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, bado bila kutumia neno fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama, jamii nyingine iliyoathirika, walikataa, wakisema hawakushirikishwa ipasavyo.

## Ugomvi ndani ya serikali yake

Waziri wa misaada alihusikaje na vifaru vya kijeshi?

Schröder alipounda serikali mwaka 1998, alimpa waziri wa maendeleo kiti kwenye Baraza la Usalama la Shirikisho, chombo cha siri kinachoidhinisha mauzo ya silaha. Oktoba 1999 likaja ombi la kupeleka kifaru kimoja cha Leopard 2 Uturuki kwa majaribio. Yeye na Fischer walipinga, watatu wakakubali, kifaru kikaenda. Alishindwa, lakini ugomvi ulivuja magazetini na nusura uvunje ushirika wa SPD na Chama cha Kijani.

Vipi kuhusu Dalai Lama na Wolfowitz?

Mei 2008 alikuwa waziri pekee wa serikali aliyekutana na Dalai Lama mjini Berlin. China ililalamika, na wakubwa wa chama chake walikasirika. Mwaka mmoja kabla yake, mkuu wa Benki ya Dunia Paul Wolfowitz alipoandamwa na kashfa ya nyongeza ya mshahara wa mwenza wake, Bi. Wieczorek-Zeul alisema hadharani kwamba bosi huyo angeisaidia benki kwa kujiuzulu. Wolfowitz akajiuzulu.

## Maswali ya pembeni

Je, ni yeye aliyeomba msamaha kwa Maji Maji?

Siye, ingawa watu huchanganya. Huyo ni Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier, aliyefika Songea tarehe 1 Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani katika vita vya 1905 hadi 1907. Alikutana na ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, ambao hadi leo unaulizia fuvu la mzee wao.

Huyo von Trotha ana uhusiano na Afrika Mashariki?

Anao. Alikuwa kamanda wa jeshi la kikoloni huku kuanzia 1894 hadi 1897, miaka ambayo Wahehe wa Mkwawa walikuwa bado wanapigana. Alikwenda Namibia akiwa na uzoefu alioupata kwetu.

Nyerere alipokataa misaada ya Ujerumani, alikuwa anagombana na wizara hii?

Ugomvi ulikuwa na serikali nzima ya Bonn, yaani ya Ujerumani Magharibi, na Bi. Wieczorek-Zeul wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anaanza ualimu. Baada ya Muungano, Ujerumani Mashariki ilibaki na uwakilishi Zanzibar. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi, isiyopenda hilo, ikaadhibu kwa kuondoa msaada wa kijeshi, na Mwalimu akawaambia wachukue na uliobaki.

Ni kweli aliyemrithi alitaka kuifuta wizara?

Chama cha Niebel, FDP, kilikuwa kimepigia kampeni kuiingiza wizara hiyo ndani ya Mambo ya Nje. Baada ya uchaguzi wa 2009 Niebel akakabidhiwa wizara ileile, na akaiacha hai. Bi. Wieczorek-Zeul alibaki mbunge hadi 2013, akiyaangalia hayo kutoka viti vya upinzani.